Vijiuzi Vitano

Kayole, Jumapili, 4 Mei 2025

Khocha Opicho,

Salamu za nyumba nzima zipokee kwanza, mjomba wangu, kisha unisamehe kwa yatakayofuata, maana nimekasirika, na mimi nikikasirika sijui kuzungukazunguka.

Kazi yangu unaijua. Hapa ploti watu walisikia nashona wakaanza kuniletea suruali za kupunguza. Ikabidi niwaeleze kwamba mimi nashona majani: mimea iliyokaushwa, uzi mweupe, karatasi ngumu, katika nyumba ya kuhifadhi mimea, mwaka wa kumi na moja huu. Kila karatasi ina lebo pembeni: mmea ni upi, ulichumwa wapi, na nani. Na nyumba yetu ina desturi moja ambayo Mzee Hashi, mtunza makabati, alinifunza siku ya kwanza kabla hata hajanionyesha choo. Ukiona lebo imekosea, hufuti wala hung'oi. Unaandika kikaratasi chako, unaweka jina na tarehe, unakibandika chini ya ile lebo ya kwanza. Wa tatu akija, naye abandike chake. Karatasi inakaa na ubishi wake wote, na atakayekuja miaka mia baadaye ataamua.

Basi mwezi uliopita nilifikia mimea ya ile safari ya mlima wetu wa Masaba ya Novemba 2022, ile uliyombebea mtafiti wetu Dkt. Kaluki mizigo. Kuna karatasi mbili za kijimea cha maua meupe, kidogo hata ukucha hakifuniki. Ya kwanza imeandikwa "chemchemi ya juu, karibu na pango, juu ya mianzi." Ya pili imeandikwa "shamba la viazi, chini, karibu na geti." Zote mbili daktari ameziita gugu la shambani, lile lile linalosumbua viazi vyenu. Na kwa ile ya kwanza akaandika ripoti ndefu, kwamba gugu la shambani sasa limepanda mlima mpaka kwenye baridi. Alisafiri nayo nchi za watu akapigiwa makofi.

Mimi nilikuwa nashona ile ya pili, ya viazi. Nikaweka lenzi. Khocha, lile si gugu la shambani! Gugu la shambani shina lake lina mstari mmoja tu wa nywele, na katikati ya ua vijiuzi vitatu. Hiki kina nywele shina zima, na vijiuzi vitano. Nikahesabu mara nne. Ile ya chemchemi ndiyo yenye vitatu. Nikatoa vitabu, nikalinganisha na karatasi za zamani. Ni kile cha mlimani, cha kwenye mawe yenye maji na baridi, ambacho katika karatasi zetu zote hakijawahi kuokotwa kwenye viazi vya mtu. Nikaandika kikaratasi: jina la mmea, E. Khalayi, tarehe. Nikabandika.

Jumatatu daktari akakiona. Akaking'oa mbele yangu, akakitupa. Akaniambia, "Everline, wewe ni wa sindano." Ijumaa nikapewa barua na karatasi tupu: niandike kwamba niliharibu mali ya utafiti na naomba radhi, kabla ya tarehe 30 Mei, la sivyo nisirudi.

Jirani yangu Nabwire ameisoma akacheka mpaka akashika ukuta. "Wee Eve, wasee wanapigania mashamba, we unapigania magugu? Andika sori, urudi kazi, stori iishe." Siandiki. Hata herufi moja.

Nataka jambo moja kutoka kwako. Ulikuwepo. Lile gugu la shambani, uliliona kwa macho yako kwenye chemchemi ya juu?

Ni mimi mtoto wa dada yako,
Everline Khalayi


Kimilili, Ijumaa, 9 Mei 2025

Khalayi mama,

Barua yako nimeichukua ofisi ya basi. Sisi hatujambo. Mvua imekuja vizuri, maharagwe yametoa maua, na yule ng'ombe mwekundu amezaa, ndama ni dume.

Habari ya kazi yako imeninyima raha. Mwanangu, kazi ya Nairobi si jembe, kwamba utaliacha shambani leo na kesho ulikute. Yule mama amesoma, na wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Dada yangu, Mungu amlaze pema, angekwambia inamisha kichwa maji yapite. Iandike hiyo barua ya radhi. Ni maneno tu, hayaumi.

Ulichoniuliza ni cha zamani. Kulikuwa na ukungu, na mimi nilikuwa nabeba, sikuwa nahesabu nyuzi za maua. Jani ni jani. Daktari akisema chuma, tunachuma.

Safari nyingine ni Juni. Nimeambiwa nitaongoza wapagazi wote kumi na wawili. Nina miaka sitini na nne, najua itakuwa ya mwisho. Kwa hivyo nakuomba, usimchokoze huyo mama.

Khocha wako,
Willis Opicho


Kayole, Jumapili, 11 Mei 2025

Khocha,

"Jani ni jani"? Wewe? Nilidhani barua umeandikiwa na mtu mwingine.

Unakumbuka nikiwa na miaka minane, nilipochuma majani ya kando ya shamba la lisutsa, ule mnavu wetu, nikayatia kwenye sufuria pamoja na mboga, kwa sababu yaliota pale pale pa mboga? Uliimwaga sufuria nzima. Watu wakala ugali kwa chumvi, na wote wakinitazama mimi. Halafu ukaniketisha mlangoni, jani moja mkono huu, jani moja mkono ule, mpaka nikaona tofauti. Nikakwambia, "Lakini yaliota pamoja." Ukasema, "Usiniambie limeota wapi. Lenyewe linasemaje?" Khocha, nimeajiriwa kwa maneno hayo. Cheti changu ni hicho, sina kingine.

Na hilo ndilo kosa la Dkt. Kaluki. Aliona "shamba la viazi" kwenye gazeti lililokaushia mmea akaona imetosha. Alisoma mahali, mmea hakuusoma.

Sasa wamenipokonya sindano. Nafuta vumbi kwenye makabati, na anayeshona ni msichana wa masomo ambaye hajui hata kukaza fundo. Mzee Hashi alikiokota kikaratasi changu kwenye pipa la taka, akakikunjua, akakiweka ndani ya daftari lake. Yule mzee maneno yake ni ya kuhesabika.

Barua yako imejibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Umenipa hata habari za ndama! Mtu asiyejua husema sijui. Wewe hujasema hujui. Unanificha kitu, Khocha, na mimi nina siku kumi na tisa. Nakuuliza tena: uliliona?

Everline


Kimilili, Alhamisi, 15 Mei 2025

Khalayi mama,

Ndama ni dume kweli. Mengine niliyokuandikia yalikuwa ya mtu mwoga.

Siku ya nne tulikuwa tunashuka. Daktari alikuwa ameshikwa na baridi ya juu, anatapika, kichwa kinamgonga, ametangulia na wenzangu. Mimi nilibaki nyuma na ule mzigo wa mbao mbili zinazobana magazeti, na ndani ya kila gazeti mmea. Kwenye kijito cha chini ya mianzi, jiwe likanigeuka. Nikaanguka chali. Mkanda ukakatika, magazeti yakaelea majini kama bata.

Niliyaokota yote, halikupotea hata moja, hilo naapa. Nilipofika kambini nikawasha moto nikakausha moja moja. Ile mingine ilikuwa imeng'ang'ania magazeti yake. Lakini vile vijimea viwili vya maua meupe vilikuwa vimetoka. Magazeti yalikuwa na maandishi, moja chemchemi, moja viazi. Vijimea havikuwa na maandishi. Nikavitazama bila miwani, vikafanana kama vifaranga. Nikarudisha kimoja huku na kimoja kule, nikasema Mungu anajua. Lakini Mungu si yeye aliyeandika lebo.

Mpagazi akiangusha mzigo haitwi tena. Nikafunga mkanda fundo, nikafunga na mdomo.

Gugu la shambani sikuliona kule juu. Daktari aliposema limepanda mlima, nilishangaa, kisha nikasema yeye ndiye aliyesoma. Sasa naona ni mguu wangu uliolipandisha.

Umeniuliza, nimekujibu. Nakuomba tu, ukiweza, jina langu uliache nje. Hiyo Juni naisubiri kama mtoto anavyosubiri Krismasi.

Willis Opicho


Kayole, Jumapili, 18 Mei 2025

Khocha,

Barua yako niliianza nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Nimekukasirikia, nakuambia wazi. Miaka miwili na nusu umenyamaza! Watu wanapiga makofi ng'ambo huko kwa ajili ya jiwe lililokugeuka. Na mimi nilitupiwa kazi yangu kwenye pipa huku wewe ukiniandikia inamisha kichwa.

Halafu hasira ikageuka nikalia, maana umesema. Hakuna aliyekushika. Mimi nipo kwenye nyumba iliyojaa digrii na tangu nifike sijasikia mtu akitamka "nilikosea" kwa sauti.

Sikiliza nitakavyofanya. Barua yako sitaisoma mbele ya mtu. Ijumaa ya tarehe 30 nimeitwa mbele ya mkuu wa nyumba, na nitaenda na lenzi yangu tu. Nitasema nilichokiona. Wataniuliza, kijimea cha mlimani kilifikaje kwenye viazi? Hapo sitakuwa na jibu, na hapo ndipo watanimaliza. Sawa. Wanifukuze nikiwa na vijiuzi vyangu vitano. Juni yako siiuzi.

Nabwire amenigombeza. "Anko wako ndiye ameleta hii noma, halafu we ndio unafutwa? Na bado unamkinga?" Nikamwambia ndiyo, bado namkinga. Akasonya, akaniletea chai.

Usiniandikie kunipa pole.

Everline


Kimilili, Jumamosi, 24 Mei 2025

Khalayi mama,

Sikuandikii pole. Nimepanda Masaba.

Magoti usiyaulizie. Peke yangu hairuhusiwi, kwa hivyo nilimwomba Andati, askari wa mbuga tuliyezoeana naye, akanisindikiza. Siku mbili kupanda. Baada ya mianzi miti ikaisha, ikabaki ile mimea mirefu yenye vichwa kama kabichi, na upepo. Chini ya pango maji yanatoka kwenye mwamba pole pole, hayana sauti. Mawe yamevaa ukijani laini, ukikanyaga mguu unazama. Na hapo kimelala chenyewe, kimejibana kati ya jiwe na jiwe, majani yana manyoya yanayoshika matone. Asubuhi kulikuwa na barafu juu yake. Jua lilipofika, barafu ikaondoka, na ua likafunguka kama hakuna kilichotokea.

Nikapiga magoti majini, nikavaa miwani yangu ya Biblia. Andati akashika shina, mimi nikahesabu. Vitano. La pili, vitano. Nimehesabu maua kumi, Khalayi, vidole vimekufa ganzi, na yote ni vitano, na nywele ni za shina zima. Halafu nikazunguka chemchemi yote kutafuta gugu la shambani. Hakuna. Sikuchuma kitu, maana sina kibali. Wakati wa kushuka nikaingia kwenye lile shamba la viazi. Mstari mmoja wa nywele, vitatu. Vitatu. Vitatu. Mwenye shamba alinicheka, mzee mzima anapigia magugu magoti.

Sasa nisikilize mimi ndugu wa mama yako. Barua yangu ya tarehe 15 isome mbele yao. Yote, hata pale nilipoanguka chali. Ulisema Juni yangu huiuzi. Si yako kuiuza, ni yangu, na mimi nimeitoa. Nitawaongozaje watu kumi na wawili kupita kwenye kile kijito nikiwa nakiogopa? Kama daktari hataki kukosea, basi mimi nitakosea kwa jina langu. Liandikwe. Na lisiandikwe "mpagazi." Liandikwe Opicho.

Nimempa dereva barua hii mkononi. Ijumaa isikupite.

Willis Opicho


Kayole, Jumamosi, 31 Mei 2025

Khocha wangu,

Nimeisoma.

Nilivyoingia waliniuliza barua ya radhi iko wapi. Nikawarudishia karatasi yao tupu, nilivyopewa. Mkuu wa nyumba akakohoa. Dkt. Kaluki akasema hana muda wa kufundishwa mimea na mshonaji. Nikaweka karatasi ya mmea wa viazi mezani, nikaweka lenzi juu yake, nikamwambia, "Daktari, sijaja kukufundisha. Hesabu tu." Akakataa. Alikunja mikono akatazama dirishani, Khocha, na ua liko hapo mbele yake!

Basi Mzee Hashi akavuta kiti. Akainama. Akaanza kwa sauti, pole pole kama anaita mbuzi zizini: "Moja. Mbili. Tatu." Akafuta lenzi kwa shati lake. "Nne," akasema. "Tano." Akahesabu ua la pili. Tano.

Daktari akageuka. Akauliza lile nililoliogopa, tena kwa ukali: "Na kilifikaje kwenye viazi?" Nikatoa barua yako. Nilipofika kwenye magazeti kuelea kama bata mtu mmoja alicheka. Nilipofika kwenye "Mungu si yeye aliyeandika lebo" hakucheka mtu. Nikasoma na ya mlimani, maua kumi, na viazi. Daktari aliketi. Nilimwonea huruma kidogo, nakiri, maana alitapika njia nzima na hakujua. Lakini kikaratasi changu alijua anaking'oa.

Mkuu akataka lebo ya daktari itolewe tuandike upya. Mimi ndiye niliyekataa. Nikasema haing'olewi, hata yake. Mzee Hashi akafungua daftari, akatoa kikaratasi changu na mikunjo yake, akakipaka gundi, akakirudisha pale pale. Chini yake akabandika kingine, kwenye karatasi zote mbili: "Mimea hii ilibadilishana magazeti kijitoni, Novemba 2022. Shahidi: Willis Opicho." Hakuandika mpagazi.

Nimerudishiwa sindano. Pia nimepewa onyo kali kwa lugha isiyo na adabu. Nabwire anataka tulitie fremu.

Na lile uliloogopa limekuja vilevile. Daktari ameondoa jina lako kwenye safari ya Juni. Alisema hapo hapo, mtu anayeangusha mzigo hawezi kubeba wake. Mzee Hashi ndiye aliyemjibu. Leo amenipa bahasha nikutumie. Humo kuna kibali cha kuchuma mimea, cha nyumba yetu, kati ya vile vinavyokuja na muhuri wa mbuga tayari. Kila kibali huandikwa jina la mchumaji. Lisome jina lililoandikwa, Khocha, kisha ukae chini kidogo.

Mpwa wako mwenye onyo kali,
Everline Khalayi


Kimilili, Jumamosi, 21 Juni 2025

Khalayi mama,

Safari ya daktari ilipita wiki iliyopita. Nilisimama kando ya barabara nikawapungia mkono. Vijana wawili wa hapa kwetu walinikwepa kwa aibu, nikawaambia jiwe la kijitoni ni la tatu kutoka kushoto, wasilikanyage. Iliniuma, sitakudanganya. Nilirudi nyumbani nikachanja kuni mpaka mke wangu akauliza nani atazimaliza zote.

Siku mbili baadaye nikaondoka na Andati, kibali changu mfukoni na mzigo wangu mwenyewe mgongoni, mbao mbili na mkanda mpya. Tuliporudi kwenye kijito Andati akanyoosha mkono anipokee mzigo. Nikamwambia anipishe.

Ndani ya gazeti hili kuna shina moja, lenye maua mawili. Ulishone wewe, asilishone yule msichana wa masomo. Lebo nimeiandika mwenyewe, ya kwanza maishani mwangu. Usinisahihishie, bandika hivyo hivyo:

Mahali: Masaba, yaani Mlima Elgon, chemchemi ya juu, chini ya pango, kwenye mawe yenye maji.
Nywele: shina zima. Vijiuzi: vitano.
Tarehe: 17 Juni 2025.
Aliyekitambua: Everline Khalayi, Kayole.
Aliyekichuma na kukibeba: Willis Opicho. Sikuteleza.